Mgeni wa kazini apewe mwenyeji kabla ya kupewa kiti

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kwa nini vijana wanaoajiriwa kwa usaili mkali huacha kazi kabla ya miezi mitatu, na kampuni ifanye nini ili watulie? Najibu kutoka Dodoma, ambako karibu kila ofisi ina mtu aliyehamia juzi. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa dhati, kampuni binafsi nazo zimefuata, na wengi wanaoajiriwa wanatoka Mwanza, Moshi, Mbeya au Dar es Salaam. Mtu anaanza kazi mpya na mji mpya kwa siku moja. Kumpokea mtu huyo ni kazi kama kazi nyingine, na isipopangiwa mtu, saa na fedha, kila mmoja hudhani mwenzake ameshaifanya.

Nianze na fedha, maana wengi wanakwama hapo na waajiri hawapatazami. Chukua mhasibu msaidizi aliyeandikiwa mshahara wa shilingi 800,000, wote ukiwa mshahara wa msingi. Kwa viwango vya mwaka 2024, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Zinazobaki, 720,000, zinakatwa kodi ya 60,000. Kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo 120,000 nyingine zimekwenda. Mkononi anabaki na 540,000. Sasa aende kutafuta chumba Nkuhungu au Nzuguni. Tuseme amepata cha 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Jumla 560,000. Mshahara wake wa kwanza wote haumwingizi ndani, na bado hajanunua godoro wala hajalipa nauli ya daladala.

Tarehe nayo huzidisha tatizo. Kampuni nyingi hufunga orodha ya mishahara kati ya tarehe 15 na 20. Aliyeripoti tarehe 18 analipwa mwisho wa mwezi unaofuata, yaani anafanya kazi siku 40 na ushee bila kushika hela. Wiki ya tatu anaanza kuchelewa, wiki ya tano anaomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba, na harudi. Bosi anasema vijana wa siku hizi si wavumilivu. Kijana alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Ipagala.

Dawa yake haina gharama kubwa. Barua ya ajira iambatane na karatasi moja inayoonyesha mshahara kabla ya makato, kila kato, na kiasi kitakachoingia benki. Tarehe ya kuripoti iwe kati ya 1 na 5. Anayehama mkoa akopeshwe fedha ya kuanzia maisha kabla hajasafiri, airudishe kwa awamu nne hadi sita. Kukatwa huko akubali kwa maandishi, maana sheria inataka hivyo na huondoa ugomvi baadaye. Wiki mbili kabla, aombwe namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF kama anayo, na akaunti ya benki. Kama hana namba ya NIDA, mengine karibu yote yatakwama, kwa hiyo ni heri mjue mapema kuliko kugundua tarehe 25. Akiwa ni mhitimu mwenye mkopo, mwajiri ana siku 28 za kuiarifu HESLB. Mkataba nao utaje mahali pa kazi, saa za kazi na majukumu, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka. Kama kazi ni Mtumba, nje ya mji, na mtu amepanga Miyuji akidhani ofisi iko mjini, mmemwongezea magari mawili kila asubuhi.

La pili ni mwenyeji, yaani mfanyakazi wa kumwongoza mgeni siku za mwanzo. Simaanishi msimamizi wake. Kwetu kijana akishamwamkia mtu shikamoo, kumuuliza jambo lile lile mara tatu huonekana utovu wa adabu, kwa hiyo atanyamaza na kukosea. Mwenyeji awe mtu wa rika lake au anayemzidi kidogo, ambaye ataitwa kaka au dada badala ya mzee. Awe na mwaka mmoja hadi mitatu kazini, kwa sababu huyo bado anakumbuka mambo yaliyomchanganya mwenyewe. Kampuni hukosea hapa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumchagua mchapakazi kuliko wote, ambaye hana hata dakika kumi za ziada. Ya pili ni kumpa mtu kazi ya uenyeji bila kumpunguzia kazi zake. Kwa wiki mbili za kwanza mwenyeji anahitaji kama saa moja na nusu kwa siku, na zipunguzwe kwenye ratiba yake kwa maandishi, msimamizi wake akijua. Vinginevyo mgeni anakuwa mzigo, na mtu hutambua haraka sana anapokuwa mzigo.

Mgeni apewe kaunta buku siku ya kwanza. Kila kinachomtatiza anaandika, na kila asubuhi kabla ya kazi kupamba moto wanakaa na mwenyeji dakika 15 kuyapitia. Ukurasa wa siku mbili tatu za mwanzo huwa na maswali ya aina hii: Nani anasaini hati ya kutoa mzigo stoo kama meneja amesafiri Kongwa? Chai ya saa nne ni ya kampuni au kila mtu anajilipia? Ufunguo wa choo unakaa kwa nani? Nikiugua nampigia nani, na kabla ya saa ngapi? Mteja akitaka risiti na mashine ya EFD imegoma, nafanyaje? Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo kwenye mafunzo elekezi ya slaidi arobaini. Swali la chai tu limewaacha wengi na njaa wiki nzima. Wenzao wote wana daftari la mama ntilie, wanalipa mwisho wa mwezi, na hakuna aliyekumbuka kumwandikisha mgeni. Swali likijitokeza kwenye kaunta buku za wageni wawili, liandikiwe jibu na libandikwe ukutani. Ndani ya mwaka mmoja mtakuwa na mwongozo wa kazi ulioandikwa kwa mahitaji ya kweli.

Kitambulisho, meza, kompyuta na neno la siri viwe tayari kabla hajafika. Kwa wanaohudumia wakulima na wafugaji wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa, mgeni afundishwe pia kuwaamkia wazee wa Kigogo "mbukwenyi". Neno moja, lakini mzee hukaa sawasawa kwenye kiti akilisikia.

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua jambo. Mtu anayekalishwa wiki mbili "asome mafaili" anaanza kujiona hana maana. Siku ya tatu apewe kazi halisi, ndogo, inayoisha siku hiyo hiyo na inayokaguliwa siku hiyo hiyo: kulinganisha risiti 20 na daftari la mauzo, au kuhesabu rafu moja ya stoo. Mkaguzi amwonyeshe palipokosewa na sababu yake. Kazi ya kwanza ikikaa mezani kwa bosi siku tano bila neno, mgeni anajifunza kwamba hakuna anayeangalia.

Viwandani mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kosa linachukua kidole. Viwanda vya kukamua alizeti hapa na Singida huongeza watu kwa wingi mavuno yanapoanza kuingia, kuanzia Mei. Ndio wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kufundisha. Waiteni wiki mbili kabla ya msimu, watano watano. Siku tatu za kwanza wasimame nje ya mstari uliochorwa sakafuni, wasiguse mashine, wajue mkanda unapita wapi na swichi kuu iko wapi. Ajali inayotisha hutokea mashine inapokaba: mashudu yanajaa, mtu anaingiza kijiti au mkono kuzibua huku mota inanguruma. Utaratibu ni kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli, aliyefunga akae na ufunguo mfukoni mwake, kisha ndipo izibuliwe. Usimuulize mgeni kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye, hatua kwa hatua, kisha afanye mbele yako mashine ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo kuna mazungumzo matatu, siku ya 30, ya 60 na ya 90, nusu saa kila moja, na tarehe ziandikwe kwenye kalenda siku anayoripoti. Msimamizi aulize: kipi bado hukijui, nani unakwama kwake, na tulikuambia nini kwenye usaili ambacho umekikuta tofauti? Hilo la tatu linauma, na ndilo lenye faida kubwa. Waajiri wengi huamini muda wa majaribio ni ruhusa ya kumwondoa mtu kimya kimya. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 haziruhusu hivyo: muda huo usizidi mwaka mmoja, mwajiri afuatilie kazi ya mtu, amweleze upungufu anapouona na ampe nafasi ya kujieleza. Yaandikwe, nakala mbili, kila upande ubaki na yake.

Kosa la mwisho hutokea mambo yakiwa mazuri. Muda wa majaribio unaisha, kila mtu ameridhika, na hakuna anayesema lolote. Mfanyakazi anakaa mwezi, miwili, hajui kama amethibitishwa au la. Hathubutu kulipia chumba miezi sita mingine wala kumleta mke na watoto, na ofisi nyingine ikimpigia simu anasikiliza. Barua ya kuthibitishwa iandaliwe wiki mbili kabla ya tarehe. Siku yenyewe ikifika, msimamizi amkabidhi mkononi, na mwenyeji wake awepo.