Maswali ya Wasomaji: Kivuli Halisi Kwenye Ukurasa wa Wavuti

Swali: Ndugu Mhariri, kadi (visanduku vya maudhui) za tovuti yangu nimezitilia kivuli kwa box-shadow (amri ya kivuli katika CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti), lakini kinaonekana bandia. Je, naweza kutumia ufuatiliaji wa miale ya mwanga?

Jibu: Unaweza. Box-shadow hulainisha kingo zote kwa kiwango kimoja, ilhali kivuli cha kweli huwa na ukingo mkali pale kitu kinapogusa uso kilipowekwa, kisha ukingo huo hufifia kadiri kitu kinavyoinuka, kwa kuwa taa ina upana na si nukta tu. Katika ufuatiliaji wa miale, kila pikseli (nukta ya skrini) ya usuli hutuma miale kadhaa kuelekea sehemu mbalimbali za taa ya kufikirika. Miale 12 kati ya 16 ikizuiwa na kadi, pikseli hiyo hukosa robo tatu ya mwanga wa taa hiyo. Miale michache huleta chengachenga, na mingi huilemea simu, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa WebGL (njia ya kivinjari kutumia kichakata michoro cha kifaa) na irudiwe tu kadi inaposogea. Kwa kitufe kidogo (hapa nasema wazi) huo ni usumbufu wa bure: pandanisha vivuli vinne hafifu vya box-shadow, kila kimoja kikiwa na umbali na ulaini maradufu ya kilichotangulia.