Maswali ya Wasomaji: Betri za Gari Lenye Winchi

SWALI: Nina pikapu ya Land Cruiser ya dizeli, injini ya 1HZ, umeme wa volti 12, betri mbili na winchi ya kuvuta uzito wa pauni 12,000. Mvua ikinyesha kule Kinango nikakwama, winchi huvuta nusu dakika, kisha hulegea na taa kufifia. Muuzaji ananishawishi nichukue betri mbili za sola, ati hukaa sana. Nizichukue? – Msomaji, Likoni

JIBU: Usizichukue. Betri ya sola imeundwa itoe umeme kidogo kidogo usiku kucha. Winchi ya ukubwa huo ikivuta kwa nguvu zake zote hula karibu ampea 400 kwa mkupuo, na betri hiyo haiwezi kasi hiyo. Wala altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, haikusaidii pakubwa. Ya ampea 80 haitoi hata hizo 80 injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Lakini usitoe pesa kabla ya kupima. Ampea 400 kwa nusu dakika ni kama ampea-saa 3 na ushei, si kitu kwa betri mbili za ampea-saa 75. Kwa hivyo shida si chaji kwisha: ama betri zimechoka ndani, ama waya unazuia. Washa injini, mwenzako avute mzigo, nawe usome volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye mota ya winchi. Kwa mota tumia nyaya ndefu za kupimia, usimame mbali na kamba. Betri zikishuka chini ya volti 10, zimekufa. Zikibaki 11.5 huku mota ikipata 9, betri ni nzima na ungepoteza pesa bure. Hapo angalia waya wa hasi: mafundi wengi huufunga kwenye bodi, na chumvi ya bahari huleta kutu hapo upesi. Urudishe moja kwa moja kwenye hasi ya betri, kwa waya wa milimita 35 za mraba, au 50 kama betri iko mbali.

Ukilazimika kununua, nunua mbili kwa mpigo, za aina moja na tarehe zinazokaribiana. Kuukuu huinyonya mpya. Tafuta CCA (ampea za kuwashia injini kwenye baridi) 650 au zaidi kwa kila moja. Kipimo hicho hufanywa kwenye baridi ya nyuzi -18, ambayo Mombasa haitaiona, ila ndicho kinachoonyesha betri inavyoweza kumwaga umeme kwa ghafla. Pima dukani: chini ya volti 12.4, iache hapo hapo.

Betri ya AGM, iliyofungwa na ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, haimwagiki gari likilala upande na huvumilia mtikisiko, lakini bei yake ni kali na joto la chini ya boneti huifupishia maisha. Kwa matumizi yako, ya maji yatosha, mradi uikague kila mwezi na kuongeza maji ya betri pekee. Ya kisima huku pwani yana chumvi, yataiua. Kuukuu zirudishe dukani. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua madhara ya madini ya risasi yaliyo ndani ya betri.

SWALI: Gari langu limetoka Japani, volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Naweza kuunga winchi ya volti 12 kwenye betri moja? – Msomaji, Kisauni

JIBU: La. Betri hiyo itabaki na njaa huku ya pili ikizidishiwa chaji hadi ichemke, na zote zitaharibika. Nunua winchi ya volti 24. Kwa kazi ile ile itakula takriban nusu ya ampea.