Kipimo Kilisoma Vizuri, Samaki Wakafa

SWALI: Shikamoo mzee. Kikundi chetu cha kujitolea kinapima maji pale mto unapoingia baharini. Kila Jumamosi saa sita mchana tunashusha kifaa tukiwa ukingoni. Jumamosi iliyopita joto la maji lilikuwa nyuzi 30, oksijeni miligramu 9.6 kwa lita. Tukafurahi, maana tumefundishwa kuogopa ikishuka chini ya 5. Jumatatu alfajiri samaki wanaelea, wamekufa. Wenzangu wanasema kifaa kibovu, kitupwe. Na je, kwa oksijeni kama ile watoto wangeweza kuogelea?

JIBU: Marahaba. Msikitupe. Kifaa kiliwaonya, nyinyi mkakipigia makofi.

Kwa nyuzi 30, maji yasiyo na chumvi hubeba oksijeni ya hewani kiasi cha miligramu 7.5 kwa lita. Maji ya bahari hubeba 6 na kidogo tu. Sasa hiyo 9.6 ilitoka wapi? Ilitoka kwa mwani, ule mdogo usioonekana mmoja mmoja. Jua likiwa utosini unatengeneza oksijeni kuliko maji yanavyoweza kushika. Usiku mwani uleule unaivuta, huku bakteria wanaokula mwani uliokufa wakivuta zaidi. Nina hakika maji yalikuwa na rangi ya kijani au kahawia, mkadhani ni tope.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Miaka miwili nilipima mchana kwa sababu ndio muda mashua ilipatikana, na ripoti zangu zilikuwa safi kabisa. Siku moja tukapwelewa. Mashua ikakaa kwenye tope, upande mmoja tu ukabaki na maji ya kina cha kiuno. Sikuwa na la kufanya, nikawa nashusha kifaa kila baada ya muda. Saa tatu usiku kilisoma 6. Saa nane, 3.5. Saa kumi na moja alfajiri, 1.4. Nikamulika tochi: kaa wamepanda juu ya mawe, nje kabisa ya maji, wamejipanga kama abiria wanaosubiri gari. Zile ripoti za miaka miwili sikuzifungua tena.

Kwa hiyo kama mnaweza kwenda mara moja tu kwa wiki, nendeni kabla jua halijachomoza. Mkipata fedha, kuna vifaa vya kuachwa majini vinavyojirekodi kila dakika 15, ila visiposafishwa mara kwa mara viumbe hujigandisha juu yake na namba hupotoka.

Jambo la pili ni kina. Maji ya mto ni mepesi, hulala juu. Ya chumvi ni mazito, hujipenyeza chini kama kabari, na hapo hewa haiyafikii. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, mkondo ni dhaifu, hayachanganyiki, na chini huweza kubaki bila oksijeni huku juu pakiwa salama. Pimeni juu, kisha nusu mita kutoka chini. Msikizamishe kifaa kwenye tope, kitawasomea tope. Andikeni saa, kina, joto, chumvi, na kama maji yanajaa au yanapwa. Angalieni pia kama kifaa kimeambiwa kiwango cha chumvi. Kikiachwa kwenye sifuri, ndani ya maji ya bahari kinaonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Hata hivyo, kosa hilo lisingebadilisha habari yenu: maji yalikuwa yamezidi uwezo wake.

Kinacholisha mwani ni naitrojeni na fosforasi, mara nyingi za mbolea na maji taka. Chukueni sampuli baada ya mvua za kwanza.

Kuogelea? Oksijeni haisemi lolote kuhusu kinyesi. Hilo linataka kipimo cha bakteria, na kwenye maji ya chumvi huhesabiwa enterokoki, bakteria wanaoishi matumboni. Chupa iwe safi isiyo na vijidudu, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa sita.

Halafu niambie kuhusu samaki wenyewe. Maji yakikosa oksijeni, mara nyingi wakubwa hutangulia kufa, vinywa wazi. Sumu kwa kawaida haianzi na wakubwa. Mliokuta Jumatatu walikuwa wa saizi gani?