Maswali ya Wasafiri: Fundi wa Matondoni Aalikwa Stockholm

SWALI: Bi. Mwandishi, assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini hapa Matondoni, kisiwani Lamu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, amenikatia tiketi nimtembelee siku nne mwishoni mwa Juni, lakini mchana atakuwa kazini na mimi nitabaki peke yangu. Picha anazonitumia ni za makasri, nami makasri hayanivutii, na magoti yangu hayapendi ngazi. Nasikia wewe ni mtu wa Lamu uliyekaa kule miaka mingi. Ungenipeleka wapi, na ni wapi nisipoteze nauli yangu?
Fundi wa Vyombo, Matondoni

JIBU: Wa aleikum salaam, na shikamoo, mzee wangu. Mji unaokwenda umejengwa juu ya visiwa 14, mahali ambapo maji ya ziwa Mälaren yanamwagikia Bahari ya Baltiki, kwa hiyo hutakuwa mgeni wa kivuko wala wa gati. Kitu kimoja tu kitakushangaza siku ya kwanza, nacho ni kwamba maji ya kule hayapwi wala hayajai kwa kadiri ya jicho kuona. Mimi wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikirudi ukingoni asubuhi na jioni kutazama alama ya maji kwenye ukuta, nikaikuta palepale, na mashua zimefungwa kama nilivyoziacha, hakuna hata moja iliyolala ubavu matopeni.

Siku yako ya kwanza nzima uitoe kwa merikebu Vasa, iliyo ndani ya jumba lake katika kisiwa cha Djurgården. Watu wengi huiona kwa saa moja, wakapiga picha na kuondoka. Wewe usikubali kuharakishwa. Chombo hicho chenye urefu wa mita 69 kiliundwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, kikapakiwa mizinga 64, na tarehe 10 Agosti 1628 kikang'oa nanga kwa mara ya kwanza. Hakikufika mbali. Baada ya mwendo wa kama mita 1,300 upepo ulikilaza upande mmoja, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini yaliyoachwa wazi, kikazama mbele ya macho ya watu wa mji.

Ukisimama mbele ya omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, nadhani utaiona kasoro kabla hujasoma kibao chochote: sehemu ya juu ni nzito, sehemu iliyo chini ya maji ni ndogo, na nafasi ya kutia farumi, yaani uzito wa chini wa kukiweka chombo wima, haikutosha kuushikilia uzito ule. Kabla ya safari wanaume 30 walikimbizwa kutoka ubavu huu hadi ule ili kukipima, na baada ya mara tatu jaribio likasimamishwa kwa kuwa chombo kilikuwa kikiyumba mno, lakini safari haikuzuiwa. Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Baraza la uchunguzi liliitishwa, na mwishowe hakuna aliyeadhibiwa. Uangalie pia rula za mafundi zilizokutwa ndani, kwa sababu nyingine zinahesabu futi ya Uswidi yenye inchi 12, na nyingine futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Nakuachia wewe uamue inakuwaje mafundi wa vipimo viwili wakiunda chombo kimoja.

Pengine utauliza mbao zimewezaje kukaa chini ya maji miaka 333, hadi zilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, ilhali sisi tukisahau kupaka deheni, yale mafuta ya kukinga mbao, tunaletewa chombo kilichotobolewa kama chujio. Jibu ni kwamba maji ya Baltiki yana chumvi kidogo tu, na yule mdudu wa baharini anayekula mbao hawezi kuishi humo. Anders Franzén, aliyeigundua merikebu hiyo mwaka 1956, aliitafuta kwa kulijua jambo hilo. Hofu ilianza ilipotoka majini, maana mbao zilizojaa maji zikikauka ghafla hupasuka, kwa hiyo zilinyunyiziwa dawa maalumu kwa miaka 17. Jumba lina lifti, kwa hiyo magoti yako yatapona.

Kwenda Djurgården upande feri inayotoka Slussen. Tiketi ya basi na treni za mji inafaa humo pia, na ukiwa juu ya maji utauona mji vizuri kuliko kwa chombo cha watalii kinachokutoza mara nyingi zaidi.

Mji wa kale, Gamla Stan, uutembelee saa moja ya asubuhi kabla ya wageni kuamka, kisha uondoke. Utaonyeshwa kichochoro chenye upana wa sentimita 90 kama muujiza, nawe uliyekulia Lamu utacheka kimoyomoyo. Kina ngazi, kwa hiyo kitazame kutoka chini. Karibu na hapo, kwenye mkondo ulio mbele ya kasri la mfalme, kuna wazee wanaovua samaki kwa mshipi katikati ya mji bila kulipia kibali. Kaa nao kidogo.

Siku moja panda meli ya abiria hadi Vaxholm, mwendo wa kama saa moja, upite katikati ya visiwa vidogo, ambavyo kwa jumla ni kama 30,000. Ratiba uiangalie kwanza, kwani mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambao ni Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni, maduka mengi hufungwa na wenyeji huhamia visiwani.

Msikiti uko Södermalm, karibu na stesheni ya Medborgarplatsen, ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme. Jua la Juni hutua baada ya saa nne usiku na kuchomoza saa tisa na nusu, kwa hiyo chukua ratiba ya sala ya hapo, usitegemee macho. Na ukiona mkate mdogo uliosokotwa, uagize ule wa iliki. Mara ya kwanza nilipoumega kwenye mkahawa, mvuke wake ulinikumbusha karai la mahamri la mama yangu.

SWALI: Nitapita Stockholm siku moja tu mwezi wa Desemba. Kuna la maana la kuona?
Msomaji, Malindi

JIBU: Lipo, lakini jua litatua kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo shuka chini ya ardhi. Stesheni nyingi za treni za mji zimepambwa na wasanii. Anzia T-Centralen, ambako majani ya buluu yamechorwa juu ya mwamba mweupe, kisha Kungsträdgården na Solna centrum, yenye dari jekundu kama jua la magharibi. Tiketi moja inadumu dakika 75, nazo zinatosha ukijipanga. Beba kadi ya benki, kwa sababu maduka mengi hayapokei noti.