Kura ya maoni kurudiwa mpaka ipite: niliyoyaona nikiwa karani wa kituo

Nimeusoma uzi huu tangu juu. Mwenye swali anasema hivi: Ireland waliukataa Mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya mwaka 2008, serikali yao ikawauliza tena 2009, wakakubali, na baada ya hapo hakuna aliyewauliza tena. Sasa kura inayorudiwa mpaka ipite ina demokrasia gani? Wengi mmemjibu kwa neno moja. Mimi nitamjibu kwa mengi, kwa sababu nimewahi kukaa upande ule wa meza wenye wino.

Tarehe 21 Novemba 2005 nilikuwa karani katika kituo kimoja cha Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Ilikuwa kura ya maoni ya Kenya juu ya katiba mpya. Mnakumbuka alama zake: Ndizi ilikuwa Ndiyo, Chungwa Hapana. Wiki zile aliyeuza ndizi sokoni alikuwa na kazi ya kujieleza. Usiku tulihesabu kwa taa ya karabai. Msimamizi anainua karatasi, anaionyesha kwa mawakala, anataja: Chungwa. Chungwa. Chungwa. Ndizi ikitokea watu wanacheka na kuulizana ni ya nani. Wakala wa Ndizi alikuwa amelala kwenye dawati, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha.

Nami nilipiga Chungwa. Rasimu ya Bomas, ile ya mkutano wa kitaifa wa katiba, ilikuwa na waziri mkuu mwenye mamlaka na ugatuzi wa kweli. Ile tuliyoletewa, iliyopewa jina la Mwanasheria Mkuu Amos Wako, ilikuwa imeyarudisha mengi mikononi mwa rais. Nchi nzima Hapana ilipata kama asilimia 58. Tulisherehekea kana kwamba jambo limekwisha.

Halikwisha. Tarehe 4 Agosti 2010 tuliulizwa tena. Nilikuwa nimeshahamia Nakuru, nikawa karani katika shule moja ya upande wa Kaptembwo. Safari hii Ndiyo ilikuwa ya kijani, Hapana nyekundu. Nikapiga kijani, na Ndiyo ikashinda kwa takriban asilimia 69. Mtu yule yule, swali lile lile la "mnataka katiba mpya?", majibu mawili. Je, nilichoshwa mpaka nikakubali?

Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona kila marudio ni ulaghai. Kilichorudi 2010 hakikuwa kile tulichokikataa. Kilikuwa na kaunti 47, Seneti, na sharti kwamba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaende mashinani. Wataalamu walioongozwa na Nzamba Kitonga waliiandika upya, wabunge wakakaa nayo Naivasha mwezi Januari 2010 wakamtoa waziri mkuu (jambo lililoniuma mpaka leo), ndipo ikaja kwetu. Katikati yake palikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na Nakuru na Naivasha hatuhitaji kusimuliwa. Nchi iliyopiga kura 2010 haikuwa ile ya 2005.

Lakini nina baba mkwe. Ni mkulima upande wa Rongai, na mwaka 2010 alipiga nyekundu kwa sababu ya vipengele vya ardhi na kwa sababu kanisani kwake walisema hivyo. Matokeo yalipotangazwa hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nyinyi mlikataa 2005 mkarudishiwa swali. Sisi tuliokataa leo tutarudishiwa lini?"

Nilimjibu kwamba Ndiyo imeshinda, basi. Akasema, "Kumbe Hapana ni mazoezi, Ndiyo ndiyo mechi."

Nimekaa na hilo neno miaka mingi, na naona linalipita swali la uzi huu kwa uzito. Kuulizwa mara mbili hakunisumbui. Kinachonisumbua ni swali linalorudi likikataliwa tu, lakini likikubaliwa linafungiwa kabatini. Ilipokuja BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha katiba, nilidhani mzee atafurahi, maana hatimaye katiba ile ilikuwa inafunguliwa. Mahakama ya Juu ilipoizima tarehe 31 Machi 2022, ikisema rais hawezi kujificha nyuma ya utaratibu wa wananchi ili abadilishe katiba, alicheka: "Kwa hiyo hata Ndiyo inaweza kuulizwa upya, ila na wakubwa." Nikamkumbusha Punguza Mizigo, hoja ya mwanasiasa Ekuru Aukot ya kubadilisha katiba kwa saini za wananchi, mwaka 2019, ambayo ilipata saini zake milioni moja. Akaniuliza ilifia wapi. Ilifia katika mabunge ya kaunti, mzee. Akanyamaza kwa namna ya mtu aliyeshinda.

Sasa Ireland, maana wengi hapa mnaitaja bila tarakimu. Mwaka 2008 Hapana ilipata asilimia 53.4, waliojitokeza wakiwa kama 53 kwa kila 100. Mwaka 2009 Ndiyo ikapata 67.1, na waliojitokeza wakafika 59. Mkataba wa Nice, nao wa Umoja wa Ulaya, kabla yake ulikuwa hivyo hivyo: 2001 ulikataliwa na asilimia 35 tu ya wapiga kura walifika, 2002 ukapita, wakafika karibu 50. Kwa hiyo hoja ya kwamba watu walichoka wakabaki nyumbani haisimami kule. Walioongezeka walichangia kugeuza mambo.

Hata hivyo siwaachilii. Matini ya Mkataba wa Lisbon haikuguswa hata neno. Walichopewa ni dhamana za pembeni: kila nchi itabaki na kamishna wake kwenye Tume ya Umoja wa Ulaya, na mkataba hautagusa kodi zao, msimamo wao wa kutoungana na upande wowote kijeshi, wala sheria yao ya utoaji mimba. Baadhi ya hofu zilizowafanya wakatae zilikuwa hizo hizo, hivyo si bure. Lakini katikati uchumi wao ulikuwa umeanguka na benki zao zinayumba, na mtu mwenye hofu hujibu tofauti na mtu aliyeshiba. Ukiniuliza, Ireland iko katikati: si kama sisi 2010, tuliopewa andiko jipya, wala si kama chama changu cha akiba, nitakachokieleza sasa hivi. Na talaka je? Waliikataa 1986 kwa asilimia 63.5, wakaikubali 1995 kwa tofauti ya kura elfu tisa hivi. Miaka tisa. Hilo sijasikia mtu hapa akiliita ulaghai.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwaka ule ule wetu wa Ndizi na Chungwa, Ufaransa na Uholanzi waliikataa kwa kura ya wananchi katiba iliyopendekezwa ya Umoja wa Ulaya. Hawakuulizwa tena. Mengi yaliyokuwamo yalihamishiwa kwenye Mkataba huo wa Lisbon, na mabunge yao yakaupitisha. Mniambie kipi kibaya zaidi: kugongewa mlango mara ya pili, au kuamka asubuhi ukakuta mgeni uliyemkatalia jana ameingia kwa dirisha na anakunywa chai?

(Mtu ametaja marudio yetu ya 2017. Yale ni mengine. Mahakama ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya namna ulivyoendeshwa, si kwa sababu jibu halikupendwa. Lakini tarehe 26 Oktoba dada yangu alinipigia simu kutoka Nyalenda akasema shule wanayopigia kura ina kufuli. Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu za Migori hazikupiga kabisa. Rudia unavyotaka; mwenye kujibu akishaona kwamba hakuna kilichorekebishwa, anaondoka.)

Chama sasa. Tuko wanachama 61 hapa Nakuru, wengi wafanyabiashara wa sokoni na walimu wachache. Mwenyekiti wetu wa wakati huo alitaka tutoe akiba tununue ploti. Kura ya kwanza: 22 ndiyo, 31 hapana. Miezi miwili baadaye ikarudi, ploti ile ile, bei ile ile, chai tu ndiyo iliyoongezewa maandazi: 24 kwa 28. Ya tatu ikaitwa kwa ujumbe wa simu saa nne usiku, mkutano ni kesho yake Jumatatu asubuhi, siku ambayo wenye vibanda wanapokea mzigo na walimu tuko darasani. Akidi haikutimia. Akauahirisha kwa saa moja, kwa sababu katiba yetu ilisema mkutano ulioahirishwa unaendelea na waliopo. Waliopo walikuwa 19. Ikapita 14 kwa 5.

Kila kitu kilikuwa halali, katibu aliandika yote vizuri. Na ndiyo maana siamini kwamba swali hili linajibiwa kwa kusoma sheria peke yake. Kifungu cha 255 cha katiba yetu kinadai kwamba katika mambo makubwa angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika angalau nusu ya kaunti, na hiyo ni kinga nzuri dhidi ya mkutano wa Jumatatu asubuhi. Muda wa kungoja kabla ya kurudisha swali lililokataliwa haumo. Ningependa uwemo, na ungefunga pande zote mbili: Hapana isirudishwe kesho, Ndiyo nayo iweze kurudishwa siku moja.

Sisi tuliandika hivyo kwenye katiba ya chama baada ya ile ploti. Hoja iliyopigiwa kura, iwe imepita au imekataliwa, hairudi kabla ya miezi 12, na ikirudi inahitaji akidi kamili, hakuna cha kuahirisha kwa saa moja. Baba mkwe, ambaye si mwanachama, alinisaidia kuandika kile kipande cha "iwe imepita au imekataliwa." Mwaka jana tukakitumia. Mtu akaleta hoja ya kuuza ploti, ambayo mpaka sasa haina hata ua. Tuliuza kwa 33 dhidi ya 20, ukumbi umejaa.

Kabla hatujafunga kwa sala, mwenyekiti wetu wa zamani aliinua mkono, kwa adabu kabisa, akauliza kama hiyo kura inaweza kurudiwa wiki ijayo.