Gari kulala kona moja asubuhi: anza na bloku ya valvu

Kaka, kwanza hakikisha Mercedes S-Class yako, toleo la W220, ni ya ABC, yaani saspensheni inayobeba gari kwa presha ya mafuta, maana nyingi ni Airmatic, ambayo ni ya hewa. Kama ni ABC, na asubuhi unaikuta imelala kona ya mbele kushoto tu huku chini pakavu, usikimbilie kununua shokapu. Mafuta hayamwagiki nje. Yanavuja ndani ya bloku ya valvu za mbele (kipande chenye valvu zinazopitisha mafuta kwenda kwenye shokapu) na kurudi kwenye tangi. Mara nyingi ni oringi zilizochoka au uchafu. Ifunguliwe, isafishwe, oringi zibadilishwe, kisha filta mpya na mafuta ya kijani CHF 11S. ATF, yaani mafuta ya gia otomatiki, hapana kabisa!

Ikianza kudunda barabarani na onyo la ABC likawaka, shuku matufe ya nitrojeni, yale yenye gesi ya kutuliza mishtuko ya presha ya mafuta. Hapo usiendelee kuiendesha: presha hufika karibu baa 200, na mishtuko yake hupasua mipira ya mafuta na kuua pampu, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya usukani.

Na tafadhali, fundi asiingie uvunguni bila stendi. Paipu ikilegezwa, gari hushuka ghafla.