Fomu haikuuliza jina langu, simu yangu ikalitaja

Juma lililopita muuguzi mmoja aliniandikia inbox. Kituoni kwake dawa za wagonjwa zinatoka kwa mlango wa nyuma, na kuna fomu ya mtandaoni ya kupokea malalamiko ambayo haihitaji jina. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nikiijaza kwa hali fiche (incognito), wataweza kujua ni mimi?"

Ndiyo, wanaweza. Nilimjibu hivyo papo hapo, halafu nikakaa nikaona jibu la mstari mmoja halitoshi. Wengi wenu mnaosoma hapa mnataka kusema jambo siku moja bila kuhatarisha ajira, au mnataka tu kutafuta habari za ugonjwa wenu bila kuandamwa na matangazo ya dawa mwezi mzima. Kwa hiyo leo nasimulia jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 2019 nilikuwa na mkataba kwenye shirika moja hapa Dar es Salaam, silitaji. Madereva wetu walikuwa wakienda mikoani na posho za safari zinachelewa kiasi kwamba baadhi yao walilala ndani ya magari. Watu wazima, wenye familia, wanaamka shingo imekakamaa halafu wanaendesha siku nzima. Kila mtu ofisini alijua, hakuna aliyesema. Basi uongozi ukatutumia linki ya fomu, "maoni bila jina", tuseme tunavyoona mazingira ya kazi. Nilifungua kwa simu yangu nikiwa mezani, nikaandika kuhusu madereva, nikaandika kwa kirefu. Sikuweka jina kwa sababu hakuna mahali palipoomba jina.

Siku chache baadaye meneja akaniita. Laptopu ilikuwa wazi mbele yake, na alipoigeuza nikaona jedwali la Excel: safu moja ya tarehe na saa, safu ya anwani ya IP, yaani namba ya mtandao uliotumika, ambayo ilikuwa ileile kwa wote kwa sababu tulitumia Wi-Fi moja, kisha safu pana yenye maandishi madogo madogo. Kila mstari ulianza na Mozilla/5.0. Akaweka kalamu juu ya mstari mmoja. Mbele ya Mozilla kulikuwa na Linux, kisha Android na toleo lake, kisha modeli ya simu herufi kwa herufi, Tecno yangu ileile iliyokuwa mkononi mwangu. Wenzangu wengi walikuwa na Samsung au iPhone. Safu iliyofuata ilikuwa ya lugha. Kwa wengine wote iliandikwa en-US au en-GB. Kwangu iliandikwa sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania.

Akaniuliza, kwa upole kabisa: "Dada yangu, ni nani mwingine humu ndani simu yake inaongea Kiswahili?"

Mkataba wangu ulipoisha haukuhuishwa. Hakuna barua iliyotaja fomu, wala sikutarajia iwepo. Posho za madereva zililipwa, na hilo najivunia mpaka leo. Lakini swali lile bado linanichoma. Nilichagua lugha yangu kwenye simu yangu, katika nchi yangu, na ndiyo ikawa alama ya kunikamatia.

Nilikaa muda mrefu nikijisomea mambo haya, sitawachosha na safari yote. Kiini chake ni hiki. Kila unapofungua tovuti, kivinjari chako, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, hujitambulisha kabla wewe hujaandika neno: jina lake na toleo lake, mfumo wa simu au kompyuta, lugha unazopendelea. Tovuti ikitaka zaidi, inauliza kwa programu ndogo zinazokimbia ndani ya ukurasa, na kivinjari kinajibu: upana wa kioo, saa za eneo lako, fonti ulizo nazo, aina ya kadi ya picha. Hakuna dirisha linalokuomba ruhusa. Kila jibu peke yake ni la kawaida tu. Yakiunganishwa yanakuwa kitu ambacho wataalamu wanakiita alama ya kidole ya kivinjari.

Mwaka 2010 Peter Eckersley wa EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, alichapisha utafiti uliopima jambo hili. Walikusanya alama za vivinjari 470,161, na asilimia 83.6 zilikuwa za pekee, yaani hakuna kivinjari kingine ndani ya mkusanyiko ule kilichofanana nacho. Miaka miwili baadaye Keaton Mowery na Hovav Shacham wakaonyesha mbinu nyingine: ukurasa unaamuru kivinjari kichore maandishi na maumbo mahali usipopaona, kisha unasoma rangi ya kila nukta. Simu mbili zenye chipu tofauti za picha huchora kwa tofauti ndogo mno ambayo jicho halioni, ila kompyuta inaiona. Kufikia 2014 watafiti wa Princeton na Leuven waliikuta mbinu hiyo kwenye zaidi ya asilimia 5 ya tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi duniani. Hata chaji ya betri ilikuwa inasomeka, mpaka Firefox ikaufunga mlango huo mwaka 2017.

Kuna upande wa kutia moyo pia. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa 2018, uliokusanya alama zaidi ya milioni mbili kutoka kwenye tovuti moja ya watu wa kawaida, uliona theluthi moja tu ni za pekee, na kwenye simu ni pungufu zaidi, asilimia 18.5. Kumbe mtu mwenye simu ya kawaida, isiyochokonolewa, anaweza kupotea kwenye umati. Hilo ndilo neno la kushika: umati. Shabaha yako iwe kufanana na wengine. Ni kama sare ya kitenge kwenye kamati ya harusi, ukitazama kutoka mbali huwezi kusema huyu ni shangazi wa bibi harusi au ni jirani.

Sasa turudi kwenye hali fiche, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Hali fiche haihifadhi historia kwenye simu yako na inafuta vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye simu yako, ukifunga dirisha. Inakusaidia kama mumeo au mdogo wako anashika simu yako. Tovuti iliyo upande wa pili inaendelea kuona lugha ileile, kioo kilekile, IP ileile. Google wenyewe walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu data zilizokusanywa watu wakiwa kwenye hali hiyo, na kesi iliishia kwenye makubaliano ambamo walikubali kufuta rekodi nyingi mno. Watu walilielewa neno "fiche" kama linavyosikika, na hawana kosa.

VPN, ile huduma ya kupitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mahali pengine, nayo ni hivyohivyo. Inabadilisha IP, basi. Lugha inabaki sw-TZ, na saa za eneo lako zinasema Nairobi au Dar es Salaam wakati IP inasema Uholanzi. Umejipambanua badala ya kujificha. Halafu kwa Tanzania kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, kwa hiyo jua sheria inasemaje kabla hujashauriwa na mtu wa kwenye group la WhatsApp.

Ninachofanya mimi ni kutenganisha. Nina kivinjari cha kila siku, na nina kingine cha mambo nyeti. Cha kila siku ni Firefox ya simu, ulinzi dhidi ya ufuatiliaji nimeuweka kwenye kiwango kikali, na nimeongeza kiendelezi kimoja tu, yaani programu ndogo ya kubandika kwenye kivinjari, nacho ni uBlock Origin. Kimoja tu, nasisitiza. Watu wanajaza viendelezi saba vya "usalama" halafu mchanganyiko wenyewe unakuwa alama, maana hakuna mwingine duniani aliyechagua hivyo saba. Hicho kimoja kinastahili kwa sababu kinazuia programu za wafuatiliaji zisipakuliwe kabisa, na kinaokoa bando. Brave nayo ni nzuri. Yenyewe huchanganya majibu kidogo ili mchoro ule wa siri utoke tofauti kwa kila tovuti.

Kile kitufe cha "usinifuatilie" (Do Not Track) kwenye vivinjari msikitegemee. Tovuti hazikulazimika kukitii, na kwa kuwa wachache walikiwasha, kiliongeza alama. Apple walikiondoa Safari mwaka 2019, Firefox mwaka 2025.

Wanaotumia Chrome kwenye Android wana nafuu moja ambayo mimi sikuwa nayo. Tangu 2023 ule mstari wa utambulisho unaoanza na Mozilla haubebi tena modeli ya simu. Kila mtu anasema Android 10, na mahali pa modeli pana herufi K. Ungekuwa hivyo siku ile, yule meneja angeona K. Lakini tovuti bado inaweza kuiuliza Chrome modeli kwa njia nyingine, na Chrome ikajibu, kwa hiyo msilale usingizi. Opera Mini, ambayo najua wengi tunaipenda kwa kubana bando, hupitisha kurasa kwenye seva zake, yaani kompyuta zake kuu, na huitajia tovuti aina ya simu kwenye mstari wake wa pekee. Isomee habari, sawa. Usiifanyie siri.

Kwa mambo nyeti ni Tor Browser, kivinjari kinachopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa za kati ili tovuti isijue ulipo, na ina toleo rasmi la Android tangu 2019. Yenyewe imejengwa ili watumiaji wote wafanane: saa zinaonekana za UTC, yaani saa za kimataifa, popote ulipo, kwenye kompyuta dirisha linakatwa kwa vipimo vya pamoja, na inaweza kukuuliza kama uombe kurasa kwa Kiingereza. Ni nzito, wakati mwingine utaisubiri hadi ukate tamaa. Subiri. Usiongeze kiendelezi, usivute dirisha, usiingie kwenye akaunti yako ya Facebook humohumo. Na muuguzi wangu, usiifungue kwenye Wi-Fi ya kituo, kwa sababu mwenye mtandao anaweza kuona kwamba kuna simu inatumia Tor hata kama haoni inafanya nini. Kisha soma ulichoandika. Ukiandika "mimi niliyekuwa zamu Jumanne usiku", hakuna kivinjari kitakachokuokoa.

Lile swali la kubadili lugha ya simu iwe Kiingereza ili usijulikane, watu wameniuliza mara nyingi. Kwa kazi ya siri, ndani ya Tor, kubali Kiingereza. Kwa maisha ya kila siku sikubali, na nitasema kwa sauti: Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni kwa mamilioni kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, na bado kwenye rekodi za seva anayekitumia anaonekana mtu wa ajabu, kwa sababu tumeziacha simu zetu kama zilivyotoka dukani. Wewe unayenisoma sasa hivi, nenda kwenye mipangilio ya simu yako uangalie. Sisi wenyewe ndio umati unaokosekana. Ofisi ile ilikuwa na Waswahili wa kutosha, na kama nusu yetu tungekuwa tumeweka lugha yetu, safu ile isingesema lolote. Badilisheni. Mfundisheni na mama nyumbani, atafurahi kuona simu inamwambia "Pokea" na "Kataa".

Msidhani haya ni ya zamani. Februari 2025 Google walilegeza masharti yao ya matangazo, na mbinu za alama ya kidole walizokuwa wamezikataza kwa watangazaji hazikatazwi tena. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza ilipinga hadharani, ikasema huko ni kukosa uwajibikaji. Vidakuzi unaweza kuvifuta. Alama hii huwezi, kwa sababu haihifadhiwi kwenye simu yako. Inasomwa upya kila ukifika.

Na ninyi mnaotengeneza fomu, vijana wa TEHAMA, maafisa rasilimali watu, wakuu wa mashirika, nina neno nanyi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake tangu 2019. Mtu ana haki ya kujua mnachokusanya kwake na kwa nini. Mkiandika "bila jina" juu ya fomu huku seva inaandika IP, modeli na lugha ya kila aliyejibu, mmemlaghai mfanyakazi wenu. Zimeni rekodi hizo kabla ya kutuma linki. Kama mfumo mnaotumia hauruhusu kuzima, andikeni wazi juu ya fomu kwamba taarifa za kifaa zinahifadhiwa, zinaonwa na nani, zinafutwa lini. Na kama hamuwezi kuandika hivyo, wekeni sanduku la mbao na karatasi pale mlango wa kantini.